Kutwika na Kutua: Mkao na Kazi Salama kwa Mjamzito wa Kinole

Kinole iko upande wa mashariki wa Milima ya Uluguru, katika Wilaya ya Morogoro, upande ule unaopokea upepo wa bahari na mvua nyingi. Huko ndiko kwenye kiti cha Kingalu, chifu wa Waluguru aliyejulikana kwa vizazi vingi kuwa mwenye mamlaka ya mvua, na ambaye jina lake limepewa soko kuu la mjini Morogoro. Mvua hiyo ndiyo inayoipa Kinole ndizi, machungwa, mananasi na pilipili manga. Ndiyo pia inayozifanya njia zake ziteleze. Mashamba yako kwenye miteremko, maji yako mabondeni, na mazao mengi hutoka shambani hadi barabarani juu ya kichwa cha binadamu. Mara nyingi binadamu huyo ni mwanamke, na si ajabu mwanamke huyo akawa mjamzito.

Vijitabu vya afya ya uzazi humshauri mjamzito afanye mazoezi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linapendekeza kwamba mjamzito asiye na tatizo la kiafya apate angalau dakika 150 za kuushughulisha mwili kwa kiasi cha wastani kila wiki. Kwa mwalimu, karani, mshonaji au muuza duka anayeketi kutwa nzima, huo ni ushauri wa thamani kubwa, nasi tutaurudia hapa chini. Lakini mkulima wa Kinole huzimaliza dakika hizo kabla wiki haijafika katikati. Kumwambia aongeze matembezi ni sawa na kumshauri mvuvi aogelee.

Upo ushauri wa pili, nao husikika kliniki kila siku: “Mama, usifanye kazi nzito.” Ni ushauri mwema, ila humfikia mama kama amri isiyotekelezeka. Maji yatachotwa na nani? Mkungu wa ndizi utafikaje barabarani siku ya gulio? Mama huitikia kwa adabu, hupokea kadi yake, na njiani anaporejea nyumbani huokota kuni.

Kwa mwanamke wa namna hii, jambo la kwanza si kuongeza mazoezi wala kuacha kazi. Jambo la kwanza ni kuitazama kazi yenyewe kipande kwa kipande, kujua ni kipande kipi kinachoudhuru mwili, na kukiondoa hicho kabla ya vingine. Kwa maoni yetu, kipande hicho hakipo katika kutembea na mzigo kama watu wengi wanavyodhani. Kipo katika kutwika na kutua.

Mwili unaobeba mwili

Mimba huubadili mwili wa mama katika namna ambazo jicho halizioni. Damu huongezeka kwa karibu nusu ya kiasi cha kawaida, na moyo hufanya kazi zaidi hata mama anapokuwa amepumzika. Homoni, mojawapo ikiwa ile iitwayo relaksini, hulegeza kano zinazoishika mifupa ya nyonga ili mtoto apate njia. Tumbo linapojaa, kitovu cha uzito husogea mbele. Ili asianguke kifudifudi, mama huurudisha mgongo nyuma na kuupinda zaidi kiunoni. Ndiyo sababu ya maumivu ya mgongo na ya nyonga yanayowapata wajawazito wengi, na ndiyo sababu mguu huteleza mahali ambapo mwaka jana haukuteleza. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2010 ulionyesha kuwa zaidi ya mwanamke mmoja kati ya kila wanne waliohojiwa alianguka angalau mara moja wakati wa ujauzito. Hao hawakuwa wakiteremka Uluguru mwezi wa Aprili.

Chini ya nyonga kuna misuli iliyotandazwa kama wavu, inayobeba kibofu, mfuko wa uzazi na utumbo wa mwisho. Kila mara mama anapokaza pumzi ili kuinua kitu kizito, shinikizo la tumbo huishukia misuli hiyo. Mimba peke yake huielemea. Uzazi wa njia ya kawaida huinyoosha. Mzigo huongeza juu ya hayo. Utafiti uliofanyika katika jamii za vijijini mkoani Kilimanjaro, na kuchapishwa mwaka 2018, ulikuta kwamba zaidi ya nusu ya wanawake waliopimwa walikuwa na kushuka kwa viungo vya nyonga. Wengi hawakuwa katika hatua kali, lakini kati ya mambo yaliyoambatana na hali hiyo, pamoja na umri na idadi ya uzazi, lilikuwamo la kubeba mizigo mizito kwa saa nyingi. Kilimanjaro ni nchi ya mlima na migomba kama Kinole. Matokeo yale yanapaswa kusomwa Morogoro kana kwamba yameandikwa kwa ajili yake.

Ndoo ya lita 20

Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha matokeo ya watafiti waliowapima wanawake wa Kijaluo na wa Kikuyu nchini Kenya walipokuwa wakitembea na mizigo. Waligundua jambo lililowashangaza: wanawake hao waliweza kubeba mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila mwili kutumia nguvu ya ziada inayopimika. Uzoefu wa tangu utotoni ulikuwa umewapa mwendo uliobana matumizi ya nguvu. Baadaye, tafiti nyingine zilizofanywa kwa wanawake wengine wa Afrika hazikukuta nafuu hiyo kwa kila mbebaji. Hata hivyo somo limebaki, kwamba kichwa si mahali pabaya pa kubebea kwa mtu aliyezoea, kwa maana mzigo hukaa juu ya mstari wa uti wa mgongo na tumbo haliguswi.

Lakini vipimo vile vilifanywa kwa watu wanaotembea mahali tambarare, mzigo ukiwa tayari kichwani. Kinole hakuna tambarare ndefu, na mzigo haupandi kichwani wenyewe. Ndoo ya lita 20 ina maji ya kilo 20, bila kuhesabu ndoo. Mama anayejitwika peke yake huinama, huiinua hadi gotini au pajani, huikaza kifuani, kisha huipandisha juu ya kichwa huku mgongo ukijipinda nyuma. Tumbo la miezi saba humlazimisha kuishika ndoo mbali na mwili, na kadiri mzigo unavyokuwa mbali na mwili ndivyo uzito wake juu ya mgongo unavyozidi. Mwaka 2013 wataalamu wa usalama kazini wa Marekani walipendekeza viwango vya kuinua mizigo kwa wajawazito: kwa anayeinua mara chache tu, mzigo ukiwa karibu kabisa na mwili, takribani kilo 16 katika nusu ya kwanza ya mimba na kilo 12 katika nusu ya pili. Tena walishauri mjamzito asiinue kitu kilicho chini kuelekea miguuni, wala asikipandishe juu ya kichwa. Kujitwika ndoo kunavunja mashauri hayo yote kwa pigo moja.

Kutua nako kuna hatari yake. Mama amechoka, mlango u mbele yake, huharakisha. Hujipinda upande mmoja ili ndoo ishuke, na hapo ndipo mgongo hukatika kama wasemavyo wenyewe.

Basi kipande cha kwanza cha kuondoa ni hiki: mjamzito asijitwike na asijitue. Atwishwe na atuliwe. Mahali pasipo na mtu, panafaa kichanja. Ni miti minne na vipande vichache vya mbao au mianzi, kimo chake kifike kifuani, kijengwe kisimani, nyumbani, na kimoja katikati ya njia ndefu. Mama huweka ndoo tupu juu ya kichanja, huijaza kwa kopo kidogo kidogo, huweka ngata kichwani, hukunja magoti akaingia chini ya mzigo, kisha hunyooka kwa nguvu ya miguu huku akitoa pumzi. Anapofika, hufanya kinyume chake. Kazi ya kukijenga ni ya asubuhi moja, na watakaofaidika si wajawazito peke yao. Wazee na watoto wachotao maji watakishukuru pia.

Kipande cha pili ni ukubwa wa chombo. Ndoo ya lita 10 kwa safari mbili ni bora kuliko ya lita 20 kwa safari moja, ingawa tunajua kwamba mwenye kisima cha mbali hatalipenda jambo hili. Mahali tambarare, madumu mawili ya lita 5, moja kila mkono, huusawazisha mwili vizuri. Kwenye mteremko mkono mmoja ubaki huru, uwe na fimbo. Kushuka ni hatari kuliko kupanda: ukipanda utachoka, ukishuka utaanguka. Ateremke kwa hatua fupi, mguu ukikanyaga kwa upande, na avae kiatu chenye kushika kisigino. Makatambuga ya tairi yenye mkanda nyuma yanafaa kuliko kandambili, ambazo katika utelezi ni msaliti. Akianguka na tumbo likapigwa, aende kituoni akapimwe hata kama hasikii maumivu. Na akiona damu au maji ukeni, tumbo likikaza au mtoto akipunguza kucheza, asisubiri kuche.

Jembe na chakula

Kulima kwa jembe la mkono ni kazi ya kuinama. Mpini mfupi humkunja mama kwenye kiuno kwa saa nzima. Mpini mrefu kidogo humruhusu kusimama karibu wima, mguu mmoja mbele, na kuinamia kwenye nyonga badala ya mgongo. Palizi inaweza kufanywa kwa goti moja chini, goti lenyewe likiwekewa gunia lililokunjwa, na kubadilisha goti kila baada ya muda. Kwenye mteremko, alime akiuelekea mlima, ili udongo umfuate pale alipo badala ya yeye kuufuata huko chini. Kila nusu saa asimame, aweke mikono kiunoni, anyooshe mgongo, anywe maji. Kutwanga kwa mchi mzito kufanywe kwa zamu, na miezi ya mwisho waachiwe wengine. Beseni la kufulia liwekwe juu ya kiti au jiwe, lisiwekwe chini. Mbuzi ya kukunia nazi haina ubaya, mradi mama aketi miguu imeachana, tumbo lipate nafasi, na asimalize nazi zote za karamu peke yake.

Tukae kidogo kwenye jambo lisilotajwa sana tunapozungumzia kazi, nalo ni chakula. Utafiti uliochapishwa mwaka 1980 kutoka Addis Ababa, Ethiopia, ulionyesha kuwa wajawazito waliokuwa na lishe duni huku wakifanya kazi ngumu walijifungua watoto wepesi kuliko wale wenye lishe kama yao ambao kazi yao ilikuwa nyepesi. Nchini Gambia, mwaka 1997, watafiti waliripoti matokeo ya kuwapa wajawazito wa vijijini chakula cha nyongeza kila siku. Uzito wa watoto uliongezeka kwa wastani wa gramu 136. Lakini katika msimu wa njaa, ambao ndio msimu wa mvua na wa kulima, ongezeko lilifika gramu 201. Yaani chakula kilisaidia zaidi pale ambapo jembe lilikuwa likila zaidi.

Masika katika vijiji vyetu hukutanisha mambo hayo hayo: ghala limepungua, shamba linadai, malaria imeongezeka. Mjamzito aendaye shambani bila kula hadi saa nane mchana anaukata mkate wa mtoto wake. Kinole haikosi cha kufunga kwenye kitambaa: ndizi, kiazi, karanga, nazi, parachichi. Afunge, ale saa nne, ale tena adhuhuri. Na wingi wa damu upimwe. Kiwango kikishuka chini ya gramu 7 kwa desilita, hiyo ni anemia kali. Hapo hatuzungumzii tena mkao mzuri wa kulima. Jembe liwekwe chini, mama atibiwe.

Usiku

Ushauri kuhusu kulala haugharimu chochote na una ushahidi wa nguvu. Tangu wiki ya 28 mama alale kwa ubavu, wa kushoto au wa kulia. Akilala chali, mfuko wa uzazi hukandamiza mshipa mkubwa urudishao damu kwenye moyo, na damu iendayo kwa mtoto hupungua. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2019, uliounganisha takwimu za nchi kadhaa zikiwemo New Zealand, Australia na Uingereza, ulikuta kwamba kulala chali katika miezi hiyo kuliambatana na hatari ya mtoto kufia tumboni iliyozidi mara mbili na nusu. Utafiti mdogo wa Accra, Ghana, wa mwaka 2013, nao ulielekea huko huko. Kinachohesabiwa ni mkao wa kuanzia usingizi. Mama akiamka akajikuta chali asishtuke, ageuke tu. Kanga iliyoviringishwa ikiwekwa kati ya magoti, na nyingine nyuma ya mgongo, humsaidia kutulia. Anapoamka, ageukie ubavu kwanza, ashushe miguu, ajisukume kwa mikono. Asijikunje kuinuka kutoka chali.

Wenye maumivu ya nyonga wanaweza kufunga kanga chini ya tumbo, ikizunguka mifupa ya nyonga na kulinyanyua tumbo kidogo. Hiyo si mkaja. Mkaja hufungwa baada ya kujifungua, nao hubana. Ya mjamzito hushikilia tu, na vidole viwili vipite kati yake na ngozi.

Kwa wanaoketi

Sasa turudi kwa msomaji wa mjini, na kwa wahudumu wa afya wenyewe ambao nao hushika mimba. Anayeketi kutwa anahitaji kutembea kwa haraka dakika 30, siku tano za wiki. Kipimo cha kiasi ni rahisi: aweze kuzungumza, lakini asiweze kuimba. Aliyekuwa hafanyi lolote aanze na dakika kumi. Anayesimama kutwa, kama mwalimu, aweke mguu mmoja juu ya kibao kidogo na kubadilisha. Bodaboda ikilazimu, iende polepole, mama aketi abiria peke yake, bila kupakiana mishikaki.

Mazoezi mawili yanamfaa kila mjamzito, wa shambani na wa ofisini. La kwanza ni kubana misuli ya nyonga kama anayezuia mkojo na upepo kwa pamoja, akihesabu hadi tano au kumi bila kuzuia pumzi, kisha kuachia. Mara nane hadi kumi, asubuhi, mchana na jioni. La pili ni kupiga magoti na kuweka viganja chini, kama anayepiga deki, kisha kuukunja mgongo juu kama paka na kuurudisha usawa, taratibu, mara kumi. Zoezi hili huutua mgongo mzigo wa tumbo kwa dakika chache, na akina mama wengi hulipenda baada ya kulijaribu mara moja.

Wako ambao hawapaswi kuanza mazoezi bila kauli ya mtaalamu: ambaye kondo la nyuma limetangulia, mwenye dalili za kifafa cha mimba, ambaye mlango wa kizazi umelegea, mwenye ugonjwa wa moyo, aliyewahi kuonyeshwa dalili za kujifungua kabla ya wakati. Na kwa kila mtu, kazi au zoezi lisimame mara moja akiona damu, maji, kizunguzungu, maumivu ya kifua au ya kichwa yasiyotulia, au mguu mmoja kuvimba na kuuma.

Nani wa kutwisha

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa siku 84 za likizo ya uzazi, au 100 akizaa zaidi ya mtoto mmoja, na inamkataza mwajiri kumpa mjamzito kazi ya hatari kwa afya yake au ya mtoto. Mkulima wa Kinole hana mwajiri wa kumkataza. Anao ukoo. Waluguru hufuata ukoo wa mama, na ardhi nyingi imepita mikononi mwa wanawake. Mara nyingi mama hulima karibu na mama yake, dada zake na wajomba zake. Kwa hiyo mhudumu anayezungumza na mume peke yake amezungumza na nusu ya nyumba.

Milima hii inakumbuka ushauri uliosahau kuuliza kazi itafanywa na nani. Mwaka 1950 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa kuhifadhi ardhi ya Uluguru, ikawalazimisha watu kuchimba matuta ya ngazi. Mwaka 1955 wananchi waliukataa kwa ghasia, ukavunjika. Kuhifadhi udongo lilikuwa jambo jema. Ila migongo haikuhesabiwa.

Hivyo kliniki, badala ya kusema “usifanye kazi nzito”, nesi na aulize: “Mama, maji mnachota wapi? Ndoo yako ni ya lita ngapi? Nani anakutwisha, na nani anakutua? Jana ulikula nini kabla ya kwenda shamba?” Majibu hayo huchukua dakika tatu. Kama hakuna wa kumtwisha, mhudumu wa afya ngazi ya jamii apelekewe habari, aende akazungumze na bibi, shangazi au mjomba, na kichanja kijengwe kabla ya mwezi wa saba.

Baada ya kujifungua, desturi ya arobaini bado ina nguvu katika nyumba nyingi, nayo inakubaliana na tunayoyajua kuhusu muda ambao misuli ya nyonga inahitaji ili ianze kupona. Tatizo huja siku ya 41, ndoo ya lita 20 inaporudi kichwani kana kwamba hakuna kilichotokea. Ndoo ya kwanza iwe ya lita 5, wiki zinazofuata iwe ya 10, na mama aliyeanza kuhisi uzito ukeni au mkojo kumtoka anapokohoa aje kituoni mapema, kwa kuwa hali hiyo ikiwa changa hutibika kwa mazoezi.